Ukiizunguka Pemba kwa gari, anza Tumbe

NYAYO ZA PWANI
Na Asha Makame Faki

Mwenye siku nne za likizo na uwezo wa kukodi gari, namshauri avuke aende Pemba akazunguke magofu. Tumejizoesha kuihesabu historia ya visiwa vyetu kuanzia kwa masultani wa Oman, na watoto wetu tukiwapeleka Mji Mkongwe tunawaonyesha majumba ambayo mengi ni ya karne ya 19. Pemba kuna miji iliyokuwa na watu miaka elfu moja na zaidi kabla ya majumba hayo, na barabara ya lami inakufikisha karibu nayo.

Meli ikikushusha Mkoani, utashawishika kuanza na Pujini kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Usianze hapo. Pita Chake Chake, panda kaskazini mpaka Wete ulale huko, na kesho yake uende Tumbe, kisha uteremke taratibu kurudi kusini. Ukifuata njia hiyo utazipitia karne kwa mpangilio wake, na kila gofu utalielewa kwa lile ulilotoka kuliona.

Tumbe ya leo inajulikana kwa samaki. Tumbe ya kale, ya karne ya 7 hadi ya 10, haina hata ukuta mmoja wa kuutazama, maana nyumba zake zilikuwa za miti na udongo. Ndiyo maana wengi hupita bila kusimama. Mimi nakusihi ushuke. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher waliochimba huko walikuta vigae vya vyombo vilivyotoka Ghuba ya Uajemi, na vigae vingine vingi vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusugulia shanga. Jirani tu ni Chwaka, mji uliofuata baada ya Tumbe kuachwa, wenye misikiti ya mawe na makaburi ambayo wenyeji huyahusisha na Haruni, mtoto wa Mkama Ndume, mtawala wa Pujini. Kwangu mimi, habari kubwa ya Chwaka imo katika punje zilizoungua jikoni: watu wa Tumbe walikula zaidi uwele, wa Chwaka wakageukia mchele. Mpunga utakaouona mabondeni ukiwa njiani una ukoo mrefu kisiwani humo.

Sasa tuje Mtambwe Mkuu, maana hapo ndipo ratiba nyingi huvunjika. Iko ng'ambo ya hori, mkabala na Wete, imezungukwa na mikoko, na maji yakijaa inakuwa kisiwa. Kwa hiyo tarehe ya safari yako yote itokane na mwezi wa angani. Chagua siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ambapo maji hupwa sana kiasi cha saa nne asubuhi. Utavuka kwa miguu na mwenyeji anayeijua njia, na urudi kabla ya adhuhuri. Anayekwenda siku za maji mafu ajitafutie mtumbwi. Na masika usiende kabisa, tope litakunyima nusu ya uliyoyafuata.

Mwaka 1984 Mtambwe Mkuu zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000. Nyingi ni za fedha, ndogo mno, zenye majina ya watawala wa pwani yetu wenyewe, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu, zikiwamo za Wafatimi waliotawala Misri. Hazina hiyo ni ya karne ya 11. Watawala waliopiga fedha yao kwa majina yao hawakuwa wageni waliotia nanga kungojea upepo, na ningependa kila mwanafunzi wa darasa la saba alijue jambo hilo.

Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, itengee siku nzima. Lami huisha, gari huachwa, na sehemu ya mwisho ni ya miguu au mashua. Utakuta msikiti mkubwa na makaburi ya nguzo yanayotazama bahari. Wapo wataalamu wanaoamini kuwa hapa ndipo Qanbalu, mji ambao msafiri na mwanahistoria al-Masudi aliondokea kurudi Oman mwaka 916. Usiingie kwa haraka. Mpitie sheha kwanza, mtafute mzee wa kijiji akuongoze na umlipe vizuri, na usipige picha watu wanapoomba dua. Paa limeanguka, lakini heshima ya msikiti na ya makaburi ipo pale pale.

Pujini ije mwisho. Ni ngome ya karne ya 15, yenye boma, handaki na chumba cha chini ya ardhi. Wenyeji watakusimulia ukali wa Mkama Ndume, na kisima alichokigawa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane wakiteka maji. Ukiwa umetoka Tumbe na Mtambwe utajiuliza jambo zito zaidi: kisiwa kilichoishi karne nyingi kwa kulima na kufanya biashara, kwa nini mtawala wake alihitaji boma nene kiasi kile?

Walimu wanaopanga ziara za wanafunzi Unguja, Tanga na Dar es Salaam, iwekeni Pemba kwenye mpango wa mwaka huu. Kabla ya kukata tiketi za meli, mpigieni mvuvi yeyote wa Wete mumwulize bamvua ni lini.