Usiseme "Maharage Tu"

CHAKULA NA AFYA



Mwezi huu tuzungumze juu ya neno moja dogo. Neno hilo ni "tu".

Muulize jirani yako, "Leo mmekula mboga gani?" Kama walikula nyama, atajibu kwa sauti kubwa. Kama walikula maharage, atasema, "Ah, maharage tu." Kama walikula mchicha, atasema, "Majani tu." Mgeni akifika ghafla, mama mwenye nyumba huomba radhi. Husema, "Utusamehe, leo hatuna mboga." Kumbe jikoni kuna chungu kizima cha kunde!

Neno hili "tu" linatutia hasara. Mtu anayeona aibu kula maharage hayapiki kwa moyo. Huyachemsha kwa maji na chumvi, basi. Kisha hulalamika kwamba hayana ladha. Tena, baada ya mavuno huyauza yote. Fedha hununua nyama mara moja moja. Siku nyingine watoto hula ugali kwa mchuzi wa nyanya.

Hatusemi kwamba nyama ni chakula kibaya. Mwenye nyama na aile. Tunasema hivi: mlo usio na nyama unaweza kuujenga mwili vizuri ukiupanga. Tena ni mtamu ukiupika vizuri.

NANI ANAPATA NYAMA?

Fikiria nyumba ya watu 7. Baba amenunua nusu kilo ya nyama, pamoja na mifupa yake. Nyama imepikwa, mchuzi umeongezwa maji ili utoshe. Sasa chakula kinapakuliwa. Baba na mgeni wanapata vipande. Watoto wanapata mchuzi.

Mchuzi ule una harufu ya nyama, lakini sehemu kubwa ni maji. Protini nyingi zimebaki ndani ya kipande. Protini ndizo zinazojenga mwili. Mtoto anakua kila siku. Ukilinganisha na uzito wake, yeye anahitaji protini nyingi kuliko mtu mzima. Lakini ndiye aliyepewa maji!

Chungu cha maharage hakina ubaguzi huo. Hakuna kipande cha baba na mchuzi wa mtoto. Kila mtu anachotewa upawa ule ule.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliandika habari za watoto aliowatibu katika nchi ambayo leo inaitwa Ghana. Watoto hao walivimba miguu. Nywele zao zilibadilika rangi. Walikuwa wamelishwa zaidi uji wa mahindi baada ya mama kupata mtoto mwingine. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwashakoo. Leo wataalamu wanasema kwamba una sababu zaidi ya moja. Kuharisha na magonjwa mengine huuzidisha. Lakini jambo moja halijabadilika. Uji mtupu haumtoshi mtoto.

MAHINDI NA MAHARAGE NI NDUGU

Mkulima hupanda mahindi na maharage katika shamba moja. Hata sahanini yafaa yakae pamoja. Kwa nini?

Protini ni kama ukuta wa matofali. Kuna matofali ya aina nyingi. Aina moja ikipungua, ukuta haupandi. Mahindi yana upungufu wa aina fulani ya matofali. Maharage yana aina hiyo kwa wingi. Maharage nayo yana upungufu wa aina nyingine. Aina hiyo imo katika mahindi, mtama, ulezi na mchele. Ukila vyote viwili, kimoja kinaziba pengo la kingine.

Kunde, choroko, mbaazi, dengu, njugu mawe na karanga hufanya kazi hiyo hiyo. Vyote hivi vinaitwa vyakula vya jamii ya kunde. Gramu 100 za maharage makavu zina protini zaidi ya gramu 20. Karanga zina gramu 25 hivi. Mahindi yana gramu 9 hivi.

Lakini kumbuka, maharage yakipikwa hunywa maji na kuwa mazito. Kwa hiyo vijiko viwili pembeni mwa mlima wa ugali havitoshi. Punguza ugali, jaza bakuli la maharage.

Wazee wetu waliyafanya haya kabla ya sisi kujua neno protini. Wapare na Wasambaa wana makande. Wachaga huponda ndizi na maharage wakapata kiburu. Wahaya hupika ndizi na maharage katika chungu kimoja. Watu wa pwani hula mbaazi za nazi. Je, hivyo ni vyakula vya aibu? Mtu akiwa mbali na kwao, ndivyo anavyovikumbuka.

Nje ya nchi yetu pia iko hivyo. Huko India mamilioni ya watu hawali nyama maisha yao yote. Hula wali au chapati kwa dengu na choroko. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia hufunga siku nyingi kila mwaka. Siku hizo hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Hula vyakula vya jamii ya kunde vyenye viungo, na karamu yao hupendeza.

MAKANDE YA KUALIKIA MGENI

Sasa twende jikoni. Makande haya yanatosha watu 6 au 7.

Tayarisha vitu hivi:
Mahindi makavu yaliyokobolewa, vikombe 4.
Maharage, vikombe 2.
Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kikombe 1.
Vitunguu 2, nyanya 4 na karoti 2.
Majani ya maboga au mchicha, fungu 1.
Mafuta, vijiko 2. Chumvi na ndimu.

Fanya hivi:
1. Chambua maharage. Yaloweke usiku kucha katika maji mengi. Loweka na mahindi katika chombo chake.
2. Asubuhi mwaga maji ya maharage. Kufanya hivyo hupunguza gesi tumboni. Maharage yaliyolowekwa huiva upesi, na kuni hupungua.
3. Chemsha mahindi mpaka yaanze kulainika. Tia maharage. Yatokote kwa nguvu kwanza, kisha punguza moto. Acha mpaka vyote viive kabisa.
4. Katika sufuria nyingine kaanga vitunguu mpaka viwe na rangi ya kahawia. Tia nyanya na karoti. Koroga mpaka nyanya zivurugike.
5. Koroga karanga kwa maji kidogo, umimine humo. Koroga polepole zisishike chini.
6. Mimina mchanganyiko huo katika makande. Tia chumvi na majani yaliyokatwakatwa. Acha vichemke pamoja kwa dakika 10.
7. Epua. Kamulia ndimu wakati wa kula.

Onja, ndugu msomaji. Ladha hii inatoka wapi? Imetoka katika kitunguu kilichokaangwa vizuri, karanga na ndimu. Watu wengi hudhani maharage hayana utamu. Hayajapewa nafasi! Hata nyama ukiichemsha kwa maji na chumvi tu, hutaisifu.

Ukiwa na nazi, weka tui badala ya karanga. Kama una mbaazi, tumia mbaazi. Siku nyingine pika mchicha kwa karanga. Siku nyingine pika choroko kwa tangawizi na kitunguu saumu. Usirudie mapishi yale yale kila siku. Hata pilau ikiliwa kila siku huchosha.

MAMBO YA KUANGALIA

Maharage: Yachemshe yaive kabisa. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Wengine hutia magadi ili yaive haraka. Magadi huharibu baadhi ya vitamini. Kuloweka ni bora.

Kisamvu: Majani ya muhogo yana sumu. Yatwange mpaka yalainike sana. Kutwanga kunaifungua sumu hiyo. Kisha chemsha kwa muda mrefu, saa moja au zaidi, bila kufunika sufuria. Sumu hutoka pamoja na mvuke. Baada ya hapo tia karanga au tui.

Karanga na mahindi: Usile vilivyoota ukungu. Usimpe mtu, wala usivisage kuwa unga. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 watu waliugua kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na wengine walikufa. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Anika mazao juu ya turubai au chanja, siyo juu ya udongo. Yahifadhi yakiwa makavu kabisa.

Damu: Majani ya kijani na maharage yana madini ya chuma, ambayo yanaongeza damu. Mwili huyapata kwa urahisi ukila pamoja na ndimu, chungwa, pera au ubuyu. Chai huyazuia. Kwa hiyo usinywe chai pamoja na chakula. Ngoja kwanza, saa moja hivi.

Macho: Viazi lishe, maboga, maembe na majani ya kijani husaidia macho. Vinahitaji mafuta kidogo ili mwili uvitumie vizuri. Karanga au tui hutosha.

WATOTO NA WAJAWAZITO

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama peke yake. Akitimiza miezi 6 aanze chakula laini, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Ponda maharage, uyachuje maganda. Tia unga wa karanga safi katika uji wake. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo mpe kidogo kidogo mara nyingi. Ukiwa na yai, maziwa au dagaa, yeye awe wa kwanza kupewa.

Mama mjamzito ahudhurie kliniki na ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa.

Mtu asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa ajue jambo moja. Mimea haimpi vitamini B12, ambayo inahitajika kwa damu na mishipa ya fahamu. Huyo aende zahanati au kituo cha afya apate ushauri juu ya vidonge. Lakini mwenye kupata maziwa, mayai au dagaa mara kwa mara anaipata humo.

KABLA YA KUUZA, PIGA HESABU

Mavuno yakifika, mnunuzi huja na mizani yake. Fedha zinavutia. Ada za shule na madeni vinangoja. Ni kweli, mkulima lazima auze. Lakini asiuze chakula cha watoto wake, halafu miezi 4 baadaye akanunue maharage yale yale dukani kwa bei ya juu.

Tufanye hesabu pamoja. Nyumba ya watu 7 inapika nusu kilo ya maharage makavu kwa siku. Wanakula maharage siku 4 kwa wiki.

Kwa wiki moja: nusu kilo mara 4 ni kilo 2.
Kwa mwaka mmoja: kilo 2 mara wiki 52 ni kilo 104.

Hilo ni gunia moja la kilo 100 na kidogo zaidi. Gunia hilo liwekwe kando kabla mnunuzi hajafika. Baba na mama wapatane juu yake. Lisiguswe kwa ajili ya pombe, sherehe wala nguo mpya. Akiba haiozi. Linalobaki ndilo la kuuza.

Pia limeni bustani ndogo karibu na nyumba. Maji yaliyooshea mboga au nafaka yatatosha matuta mawili ya mchicha. Baada ya wiki 3 au 4 mtaanza kuchuma. Majani ya kunde yakiwa mengi, yakaushe kivulini kwa ajili ya kiangazi.

Wazee wanakumbuka kampeni ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kupanga kazi za kijiji chao. Nasi tunaweza kukaa hivyo, hata kama ni nyumba 5 tu zinazopakana.

Basi, ndugu msomaji, mgeni akija kwako mwezi huu, mwandalie makande yale. Mkaribishe kwa moyo. Usiombe radhi. Akikuuliza, "Leo mna mboga gani?" mjibu kwa sauti, "Maharage!" Uishie hapo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwako, nyama ikipikwa, nani anapata vipande na nani anapata mchuzi?
2. Kwa nini ni vizuri kula mahindi na maharage pamoja?
3. Ni chakula gani kisicho na nyama ambacho wazee wa kwenu walikisifu? Nani katika kikundi bado anajua kukipika?
4. Nyumba yako ina watu wangapi? Piga hesabu ya maharage au kunde mnazohitaji kwa mwaka.

Tukutane mwezi ujao.