Siku ya Tatu Mpe Jembe

Katika Msitu wa Karura, kaskazini ya jiji la Nairobi, vijia vilevile hupitwa na watu wa namna tatu: aendaye kwa miguu, apigaye mbio, na aendeshaye baiskeli ya mlimani. Juu ya huyu wa tatu yako maneno mawili yasemwayo, moja ofisini na jingine juu ya kiti cha baiskeli, nami nadai kuwa yote mawili ni potofu. Neno la ofisini ni hili: baiskeli ni adui wa njia, na apendaye msitu na amfukuze mwenye nayo. Neno la juu ya baiskeli ni hili: mimi nimelipa ada langoni, basi njia na itengenezwe na walioajiriwa kuitengeneza. Maneno haya huonekana kupingana, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili humfanya mwendesha baiskeli kuwa mgeni. La kwanza mgeni wa kufukuzwa, la pili mgeni wa kuandaliwa. Wazee wetu walikwisha kata shauri hili zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Tuanze na neno la kwanza. Adui mkubwa wa njia ya msituni si gurudumu wala kiatu, ni maji. Njia iliyokatwa kushuka moja kwa moja na mteremko hugeuka mfereji siku ya mvua kubwa ya kwanza. Maji huongeza mbio, huchukua udongo, huacha mizizi na mawe wazi. Wapitaji huona taabu kupita katikati, wakapita kando, na njia ya hatua mbili ikawa uwanja wa hatua kumi. Lakini njia iliyokatwa kuambaa ubavu wa kilima, ambayo mwinamo wake hauzidi nusu ya mwinamo wa kilima chenyewe, na ambayo imelazwa kidogo kuelekea upande wa bondeni, huyamwaga maji kabla hayajapata nguvu. Njia kama hiyo huwastahimili wapitaji wengi; njia mbaya hufa hata ikipitwa na wachache.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Wilson na Seney, walitangaza matokeo ya majaribio yao katika vijia vya jimbo la Montana, Marekani. Walipima udongo uliolegezwa na wapitaji wa namna nne: watu wa miguu, farasi, pikipiki na baiskeli. Katika njia iliyolowa, kwato na viatu vililegeza udongo mwingi kuliko magurudumu, na farasi aliwazidi wote. Jaribio moja si hukumu ya dunia nzima, na sikatai kuwa baiskeli ishukayo kilimani hali breki imebanwa na tairi linaburuzika huikwaruza ardhi vibaya. Lakini jaribio hilo latosha kumnyamazisha asemaye kuwa hatia yote ni ya gurudumu. Amwonaye mpitaji asiyaone maji ameshika asiye mwizi.

Kabla ya kurudi Karura, na tutazame yaliyotokea katika wilaya ya Marin, California, ambako mchezo huu ulipata umbo lake. Mwaka 1976 vijana walianza kushindana kushuka kilima karibu na mji wa Fairfax kwa baiskeli nzito za zamani. Shindano lao liliitwa Repack, yaani kujaza tena, maana breki ya gurudumu la nyuma ilipata moto hata grisi yake ikaungua, ikabidi ijazwe upya kila baada ya mteremko. Furaha ilikuwa kubwa, lakini jembe halikuwako. Katika miaka ya 1980 maofisa walivifunga vijia vyembamba vya huko kwa baiskeli, na uhasama kati ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli ukadumu miaka mingi. Mwaka 1984 Idara ya Misitu ya Marekani ikatamka wazi katika kanuni zake kuwa baiskeli ni marufuku katika nyika zilizohifadhiwa kwa sheria ya mwaka 1964.

Ndipo mwaka 1988 vyama vya waendesha baiskeli wa California vilipoungana na kuanzisha chama kiitwacho IMBA. Chama hiki kilitenda jambo ambalo kelele haziliwezi. Kiliandika adabu za njia. Kikawafundisha wanachama wake kukata na kutengeneza vijia. Kikabisha hodi ofisini kikiwa na watu wenye majembe, si watu wenye malalamiko tu. Iko milango iliyobaki imefungwa, lakini ilifunguka mingi ambayo kwa matusi isingalifunguka kamwe. Hili ndilo fundisho la Marin: ofisi iliyofunga njia pasipo kusema na watu ilipata maadui, na watu waliopita njia pasipo kuitunza walipata marufuku.

Sisi tuna sababu kubwa kuliko ya mchezo. Karura ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na eneo lake ni zaidi ya hekta 1,000. Mwaka 1998 iligunduliwa kuwa sehemu zake zilikuwa zikigawiwa wajenzi. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti, wakapigwa, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana kwa ajili ya msitu huo, na mwezi wa Agosti mwaka uleule Rais alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Hata hivyo, msitu uliookolewa na wanyang'anyi wa kalamu ulibaki kwa miaka mikononi mwa wanyang'anyi wa mapanga. Watu waliogopa kuuingia, na pasipo watu wema ndipo waovu wafanyapo makao.

Ni nini kilichowarudisha watu? Ni ubia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu vyama vya wananchi kushiriki katika kuongoza misitu ya serikali, na sheria ya mwaka 2016 iliyoirithi haikuufunga mlango huo. Kwa mlango huo chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura kiliingia pamoja na Shirika la Misitu la Kenya. Uzio ulijengwa, askari wa jamii wakawekwa, vijia vikapewa alama, na nyayo zikarudi. Kila mpitaji mwema ni jicho la Bwana Misitu asilolilipa mshahara. Mwendesha baiskeli, ambaye kwa asubuhi moja hufika pembe ambazo mwenda kwa miguu huzifikia kwa kutwa, ni jicho lenye mbio. Kumfukuza huyu ni kujitia upofu kwa kidole chako mwenyewe.

Wala jambo hili si hisani ya ofisi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 69, inaiamuru dola ihimize wananchi kushiriki katika kulinda mazingira. Na ibara hiyohiyo inamtwika kila mtu wajibu wa kushirikiana na vyombo vya dola katika kazi hiyo. Shauri lote limekwisha hapo. Ofisi haina ruhusa ya kuwatenga watu, na watu hawana ruhusa ya kujitenga na kazi.

Sasa namgeukia mwendesha baiskeli, maana nikimtetea nikanyamaza nitakuwa nimemdanganya. Wewe unayesema umelipa ada, je, ada yako huziba mfereji uliouchimba kwa breki zako? Wewe unayekwepa tope kwa kupita majanini, hujui kuwa umekata njia ya pili, na kesho mwenzako atakata ya tatu? Wewe unayemstusha bibi kizee kwenye kona kwa kengele ya ghafula, wataka akutetee mbele ya Bwana Misitu? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Apendaye njia hukaa nyumbani siku ya mvua, humpisha mwenda kwa miguu, hutoa habari ya mti uliokatwa kwa wizi, na walau siku moja katika mwezi huja bila baiskeli, na jembe begani.

Yuko atakayesema kuwa kushirikiana na ofisi ni kumezwa nayo. Namwambia atazame maisha ya Maathai. Aliwapinga watawala walipougawa msitu, na mwaka 2003 aliingia serikalini akawa Waziri Msaidizi wa Mazingira. Upinzani na ushirikiano vilikuwa mikono miwili ya mtu mmoja. Ubia si unyamavu. Mwaka 2025 ulipozuka ugomvi kati ya Shirika la Misitu na Marafiki wa Karura juu ya ukusanyaji wa ada za kuingilia, chama hakikukaa kimya. Shauri lilifika mahakamani. Mshirika wa kweli huweza kugombana, kwa kuwa ana sehemu yake katika kazi. Asiye na sehemu hana ugomvi. Ana manung'uniko tu.

Yuko na mwingine atakayesema kuwa baiskeli ya mlimani ni chombo cha wenye nacho. Hoja hii ina uzito, nami siirushi kando. Kwa wengi wetu baiskeli ni ya kuchukulia maziwa na madumu ya maji, si ya kuchezea vilimani. Basi na liwe hili sharti la kwanza la ubia: jembe halimpi alishikaye haki ya kumzuia jirani. Chama kitakachotumia mapatano na maofisa kuugeuza msitu wa umma kuwa ua wa wachache kitakuwa kimefanya kwa adabu kile ambacho wajenzi wa mwaka 1998 walikitaka kwa hila.

Kwa Bwana Misitu nina maombi mawili. Afungapo njia, aseme sababu na siku ya kuifungua, maana marufuku isiyo na sababu hufundisha watu kuivunja. Na kabla ya kila masika awaite wapitaji wote, awagawie vijia, kila kundi na chake, liwe na mahali pa kusifiwa na mahali pa kulaumiwa.

Nanyi wanafunzi, ambao waliowatangulia waliandamana mwaka 1999, msidhani kuwa msitu huokolewa mara moja. Huokolewa kila mvua inyeshapo. Akataaye jembe asilalamike akiitwa mgeni. Na amnyimaye mwenzake jembe asilalamike akikosa msaidizi.