Chuma kipi Kifaacho Kisimani?



Penye kisima chenye pampu ya kuzama majini, iwe Gitega au Muyinga, swali hili huja pindi bolti zinapoliwa na kutu: je, tununue chuma kisichoshika kutu, ama titani inayosifiwa sana? Juma hili na tulipime jambo hilo.

Titani ni bora, hatubishi. Uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa chuma, wala maji ya chumvi hayaidhuru. Ndiyo maana hutumika katika vyombo vya kuzamia baharini. Chuma kisichoshika kutu hulindwa na kromi, isiyopungua kama asilimia 10.5, ifanyayo utando mwembamba juu yake. Chumvi ya bahari huutoboa utando huo, hasa penye nafasi finyu chini ya nati.

Lakini sisi hatuchoti bahari. Maji ya mto Ruvubu, upitao karibu na Gitega na kuteremkia upande wa Muyinga, ni maji baridi, na ya chemchemi zetu ni vivyo hivyo. Katika maji ya namna hiyo chuma kisichoshika kutu hudumu miaka mingi. Kilicho bora ni kile kilichowekwa mahali pake.

La kuogopwa ni kuchanganya. Bolti moja ya chuma cha kawaida ikifungwa kwenye pampu ya chuma kisichoshika kutu, hiyo ndiyo huliwa kwanza, tena upesi kuliko ingalikuwa peke yake. Ikikatika, pampu huweza kutumbukia kisimani, na mama mwenye nyumba hurudia kubeba ndoo kichwani.

Basi, mwendapo dukani chukueni sumaku. Chuma cha kawaida, hata kikipakwa zinki, hunaswa kwa nguvu. Bolti nyingi zisizoshika kutu hunaswa kidogo tu, au hazinaswi kabisa. Titani nayo hainaswi, bali hutambulika mkononi kwa wepesi wake. Na mtiapo klorini kisimani, msiiache dawa kali ikae juu ya chuma. Vuteni maji hayo kama mlivyoagizwa na mtaalamu.

Fedha itakayobaki inunue kamba imara ya kuning'inizia pampu. Kwaherini hadi juma lijalo.