Maumivu Si Mtihani wa Uanaume

Wasomaji wangu, nilipotea kidogo. Sikusafiri. Nilikuwa wodini nikimuuguza mjomba wangu, aliyepasuliwa kifua kutolewa usaha uliozunguka pafu. Upasuaji ulikwenda salama. Kilichofuata ndicho kilichonirudisha hapa.

Usiku wa kwanza mjomba hakulala. Kila akivuta pumzi anakunja uso. Akitaka kukohoa, anakumbatia mto na kuishia katikati. Nikamfuata nesi. Jibu: "Mwambie avumilie, ni mwanaume." Mjomba naye akanishika mkono: "Acha, mjomba, usiwasumbue."

Nikawasumbua. Kuuliza ndiyo kazi inayonilisha.

Siku mbili nimesoma na kuuliza wanaojua. Chini ya kila ubavu hupita neva inayopeleka habari za maumivu kwenye uti wa mgongo. Ukiizungushia dawa ya ganzi, habari hazifiki. Daktari mpasuaji anaweza kuichoma kabla hajafunga kifua. Au mtaalamu wa usingizi anachoma kando ya uti wa mgongo, neva zinapotokea. Njia hii ya pili ilianza kutumiwa na Mjerumani Hugo Sellheim mwaka 1905. Ndiyo, 1905! Nyingine, ya kuweka ganzi chini ya misuli ya mgongo kwa kuongozwa na altrasaundi, ilitangazwa 2016. Na dawa yenyewe, bupivakeini, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Wapo watakaosema maumivu hayaui. Si kweli. Asiyeweza kukohoa hubaki na makohozi kifuani, sehemu za pafu hukosa hewa na kusinyaa, kisha inakuja homa ya mapafu. Mofini inasaidia, lakini ikizidi inapunguza upumuaji wenyewe. Ganzi humpunguzia mgonjwa haja ya mofini. Tena, wanaoumia sana siku za mwanzo ndio wenye hatari kubwa ya kubaki na maumivu kwa miezi.

Tuwe wakweli. Sindano hii ina hatari zake. Inaweza kutoboa pafu, na dawa ikiingia nyingi kwenye damu inaleta degedege au kusimamisha moyo. Nguvu yake ni ya saa kadhaa tu, labda uachwe mrija wa kuongezea. Inahitaji mtu aliyefunzwa na mgonjwa wa kuangaliwa kwa karibu. Na najua nesi mmoja anahudumia wodi nzima. Lakini hizo ni sababu za kufundisha watu na kuongeza wauguzi. Hazimgeuzi mgonjwa kuwa mkosefu kwa sababu anaumia.

Siku ya tatu akaingia zamu daktari mwingine. Akamtazama mjomba, akaagiza dawa, akamchoma ganzi mbavuni. Nusu saa baadaye mzee alikohoa, akatema, akaomba uji.

Dawa ilikuwepo jengo lile lile, siku zote tatu! Aliyekosekana ni mtu wa kuona kwamba maumivu ya mzee yule yanastahili sindano.

Ndugu msomaji, siku wewe au mzazi wako akipangiwa upasuaji wa kifua, uliza kabla hajapelekwa chumba cha upasuaji: "Akizinduka, maumivu yake yatatulizwaje?" Ukijibiwa avumilie, uliza tena.