Mnada wa ku telefone: tuanze na mifuko yetu

Wandugu wakulima, siku hizi kuna koperative zinazouza mihindi ku telefone. Foto ya mifuko inaingia katika kikundi cha WhatsApp, wanunuzi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanataja bei, na anayepandisha kuliko wengine ndiye anachukua. Ni jambo zuri. Mwenye kamyo aliyekuja peke yake hadi shambani hawezi tena kutupangia bei.

Lakini foto haina uzito wala harufu. Haioneshi mihindi mibichi katikati ya mfuko, wala mchanga chini. Na telefone haioneshi kama mnunuzi ana franka kweli.

Wengi wanasema wezi ni wanunuzi. Ukweli uko. Wachimbaji wanaouza madini ku Musompo wanalalamika tangu miaka mingi, kwa sababu anayenunua ndiye mwenye mzani, na ndiye anayepima asilimia. Lakini tuseme yote: meka iliyobonyezwa kitako sokoni, nani aliibonyeza? Si mnunuzi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: koperative ijisafishe kwanza, halafu idai haki yake. Muuzaji wa peke yake akidanganya, kesho anahama soko. Koperative ina jina moja tu. Mfuko mmoja wa mchanga ukifika Kolwezi, jioni ileile wanunuzi wote wana habari, na mnada unaofuata bei inashuka kwa kila mtu. Mama aliyekausha vizuri analipia kosa la jirani. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Tuangalie wenzetu wa Kenya. Mnada wa chai wa Mombasa ulianza Nairobi mwaka 1956, na tangu 2020 unafanyika kwa kompyuta. Wanunuzi hawanunui foto: wanatumiwa kwanza chai kidogo ya kuonja, na mzigo unatoka depo baada ya malipo. Kompyuta ilikuta uaminifu umeshapangwa.

Sisi pia tunaweza, bila vyombo vya bei kali. Tupime mifuko yote kwa mzani mmoja, mbele ya mashahidi, na kila mfuko uandikwe namba ya mwenyewe. Kama hakuna chombo cha kupima maji, tia mihindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa: chumvi ikishika kwenye kioo, mihindi haijakauka. Kilo moja iende kwa wanunuzi waione, nyingine tuifunge na kuitunza, ili ubishi ukitokea tuifungue mbele ya wote.

Mnunuzi naye alipe kabla mifuko haijapanda kamyo. Mesaji ya malipo anayokuonesha katika telefone yake si pesa. Angalia salio ku telefone ya koperative.

Jaribu kubwa linakuja mnada ukishafungwa. Mtu mwingine anapiga simu, anaongeza franka juu ya kila mfuko. Wanachama watasema: tuchukue, watoto wanangoja pesa ya masomo. Ninaelewa, shida ya nyumbani haingoji. Lakini mimi nasema tukatae. Tukivunja neno leo, mnunuzi atavunja lake siku bei itakaposhuka, na hatutakuwa na mdomo wa kumlaumu. Huyo wa pili akaribishwe katika mnada unaofuata.

Kanuni bila adhabu ni karatasi tu. Katika mkutano unaokuja, tukubaliane: mfuko wenye mchanga unarudi kwa mwenye namba, na jina lake linasomwa mbele ya wote, hata akiwa prezida wa koperative. Hasa akiwa prezida.