Dau Lako Ni Neno Lako



Msimu wa harusi ukikaribia, simu zetu hazilali. Gauni lililovaliwa mara moja, viatu na mkoba wake, chetezo na seti ya udi, buibui lililoletwa kutoka Muscat likambana mwenyewe: vyote vinaingia mnadani kwenye magrupu yetu. Picha tatu, bei ya kuanzia, kisha "pandisheni dau, nafunga saa nne usiku". Si jambo baya hata kidogo. Bi harusi mwenye mfuko mdogo anapendeza, na mwenye kuuza anapata chake badala ya nguo kuliwa na mende kabatini.

Ila siku hizi minada mingi inaacha watu wawili wasiosemezana, na ugomvi wenyewe ni wa bei.

Hivi karibuni tuliletewa kesi moja tuisuluhishe. Gauni lilianzia shilingi 80,000. Bi harusi mmoja wa Pemba akaweka 100,000. Akapandiwa 120,000, naye akasema 150,000, akapandiwa tena, na tena, mpaka akalipata kwa 230,000. Pesa zilitoka kwenye mahari yake. Gauni likaja kwa boti, likamkaa, akafurahi. Siku ya pili akaja kujua kuwa aliyekuwa akimpandia peke yake usiku ule ni wifi yake muuzaji, ambaye hakuwa na haja ya gauni wala nia ya kulinunua. Alipodai arejeshewe kilichozidi, akajibiwa: "Kwani nani alikushika mkono?"

Wengi waliokuwepo walimuunga mkono muuzaji. Mnada ndiyo ulivyo, walisema, mwenye macho atazame. Sisi tunasema hapana.

Mnada wenyewe ni halali. Wamepokea Tirmidhi na Abu Dawud, kutoka kwa Anas bin Malik, kuwa Mtume (S.A.W.) alinadi tandiko na chombo cha kunywea maji. Mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, mwengine akatoa mbili akauziwa. Kwa hiyo kupandiana bei kabla muuzaji hajakubali si kumuingilia mwenzio. Kilichokatazwa ni kitu chengine: kuzidisha bei bila ya nia ya kununua, ili mwengine adanganyike. Wanazuoni wanakiita najshi, na katazo lake limo ndani ya Bukhari na Muslim.

Wifi alifanya hilo hasa. Ni kweli bi harusi hakushikwa mkono, lakini alionyeshwa mshindani ambaye hakuwepo. Bila ya wifi, gauni lingeuzwa 100,000. Zile 130,000 za juu hazikuletwa na uzuri wa gauni, zililetwa na uongo.

Je, arejeshewe? Hapa wanazuoni wamekhitalifiana. Wapo wanaosema biashara imesihi na dhambi inabaki kwa aliyedanganya na aliyekula njama naye. Wapo wanaompa mnunuzi khiyari ya kurudisha akiwa amepunjwa kupita kiasi. Rai yetu ni kuwa muuzaji mwenye kumcha Mungu asingoje fat'wa imlazimishe. Anajua nani alipandisha na kwa nini. Arudi kwenye dau la mwisho la kweli, kilichozidi akirejeshe.

Na tukiri, dada zetu. Nani kati yetu hajawahi kumwandikia shoga yake faraghani, "nipandishie kidogo, wamelala hawa"? Tumefanya, tukaita kuchangamsha mnada. Tusiite tena hivyo.

Upande wa wanunuzi nako hakujasalimika. Yupo anayeandika "langu hilo!" kwa 180,000, asubuhi simu haipokelewi. Muuzaji keshamwambia wa pili amekosa, na yule wa pili keshanunua kwengine. Yupo anayengoja gauni lifike mlangoni kwa bodaboda ndipo aseme, "nipunguzie, nina laki na ishirini tu." Huyo naye anamla mwenzake. Kuvunja ahadi kumetajwa miongoni mwa alama za mnafiki, na dau lililokubaliwa ni ahadi. Vivyo hivyo muuzaji aliyekwisha kusema "nimekuuzia", kisha akaletewa zaidi faraghani akamgeuka wa kwanza. Mnada ukishafungwa, anayekuja na bei kubwa anaingilia biashara ya nduguye, na hilo limekatazwa.

Tazameni mnada wa samaki pale Darajani. Jodari yuko chini, kila mtu anamuona macho na matamvua. Dalali anataja bei kwa sauti, anayezidisha anaonekana sura, na neno la dalali likishatoka, basi. Kwenye simu tunaona picha tu na jina, pengine hata jina si lake. Kwa hiyo yale ambayo sokoni yanaonekana, kwetu inabidi yasemwe, tena kabla ya dau la kwanza.

Kama kuna bei usiyoweza kushuka chini yake, itaje. Una haki ya kukataa dau kabla hujalikubali, lakini kuwachosha watu mpaka usiku kisha ukasema "haijafika" ni kuwavunja moyo. Sema mnada unafungwa vipi. Mtandao ukikwama, ujumbe wa saa nne kasoro dakika unaingia saa nne na dakika mbili, na hapo ndipo matusi yanapoanza. Bora ufungwe kwa neno lako, "nimefunga", na linaloonekana juu ya neno hilo ndilo linalohesabiwa. Sema doa liko wapi, shanga ngapi zimedondoka, kifua na kiuno ni inchi ngapi. Sema nauli ya boti ni ya nani na malipo ni ndani ya siku ngapi. Na jamaa zako wasiweke dau. Kama dada yako analitaka kweli, aseme mbele ya wote kuwa yeye ni dada yako.

Nawe bi harusi, panga kikomo chako kabla hujaandika tarakimu ya kwanza, mwambie somo yako au mama akushike hapo. Mahari ni haki yako, usiipeleke kwa hasira za usiku mmoja.

Imekuja katika hadithi ya Hakim bin Hizam kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka huondoka. Bi harusi wetu wa Pemba ameshaolewa. Gauni lilimpendeza, mashallah. Lakini anasema kila akizitazama picha, kitu cha kwanza anachokiona ni ile bei. Na muuzaji hadi leo hajarejesha kitu.

Ewe dada, kama unayasoma haya na unajijua, bado hujachelewa. Allah atupe riziki ya halali na ndimi za kweli. Amin.