Fahali Wawili Katika Zizi Moja



Wapenzi wasomaji, kila msimu wa siasa ukaribiapo, suali moja huingia majumbani mwetu: je, ni heri bunge liwe mikononi mwa chama cha aliye madarakani, ama mikononi mwa wapinzani wake? Baba ana yake, mama ana yake, vijana nao wana yao, na wapo wafikao kununiana. Juma hili twapenda kulitazama suali hilo kwa mfano wa majirani zetu wa Ukambani, watu wa Makueni na Kitui, kwani wao wameyaonja.

Makueni, mwaka 2013, Profesa Kivutha Kibwana alichaguliwa gavana kwa tiketi ya chama cha Muungano, ilhali wengi wa wawakilishi wa wadi walikuwa wa chama cha Wiper. Haukupita muda, pande mbili zikavutana juu ya bajeti, kila upande ukiushutumu mwenzake kwa kutaka kuifuja mali ya umma. Septemba 2014 risasi zikafyatuliwa katika majengo ya bunge la kaunti mjini Wote, watu wakajeruhiwa. Wananchi wakachoka, wakatia saini ombi la kuivunja serikali ya kaunti, gavana na bunge pamoja, kwa mujibu wa kifungu cha 192 cha Katiba. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga iliona ombi lao lina msingi, lakini mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta hakuliridhia.

Kitui nako, Bi Charity Ngilu, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini mwaka 2017, aliingia kwa tiketi ya Narc. Mwaka 2020 ikaletwa hoja katika bunge la kaunti ya kumwondoa, ingawa aliumaliza muhula wake.

Wapo wasemao kuwa hayo ni ushahidi kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, basi gavana na bunge wawe wa chama kimoja. Wengine hujibu kuwa bunge lililo mfukoni mwa mkubwa halina jicho la kumwangalia, na mali ya umma huliwa kimyakimya. Kila mmoja ameshika upande wa haki, na si vyema kumkejeli mwenziwe.

Sisi twaona hivi: Katiba yenyewe imewaweka fahali wawili zizini kwa makusudi. Gavana hatungi sheria, na bunge halishiki mkoba. Mmoja hutumia, mwingine huidhinisha na kuhoji. Kuhojiana si fitina. Fitina huanza pale ugomvi wa wakubwa unapoizuia bajeti, na mama mjamzito akafika zahanati asipate dawa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza wabunge wengi ni wa chama gani, na tuulize: huyu tunayemtuma ni mtu wa kuhoji kwa elimu na kuafiki kwa haki, ama ni mtu wa kupinga ili anunuliwe na kuunga mkono ili alipwe? Uwakilishi ni amana, na amana haina rangi ya chama.

Twawausia kina mama hasa: kaunti zetu hutakiwa kisheria kuwaita wananchi watoe maoni juu ya bajeti. Msiviache vikao hivyo kwa wanaume na wapambe wa siasa. Ninyi ndio mjuao ni siku ngapi mfereji haukutoa maji, na ni mara ngapi mtoto amerudishwa nyumbani bila dawa.

Na enyi waume, kura ya mke ni amana yake, naye ataulizwa peke yake mbele ya Mola wake. Mshauriane, kwani Qur'ani ina sura nzima iitwayo Ash-Shura. Lakini kumlazimisha, au kumtisha kwa talaka kwa sababu ya mgombea, ni dhuluma. Wanasiasa waliokuwa mahasimu jana hupatana kesho: Profesa Kibwana huyohuyo alirudi madarakani mwaka 2017 kwa tiketi ya Wiper. Nyumba iliyovunjika kwa ajili yao, nani ataijenga?

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe viongozi wenye kumcha, na atuhifadhie mapenzi majumbani mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.